Swali la Saba

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeanza chuo, na tangu saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana nimesema neno moja tu: "Nipo." Nililisema kwa sauti ndogo mno hata mwalimu akaniwekea alama ya kutokuwepo. Nikamwacha. Kwa mujibu wa vitabu vya chuo, basi, sikufika.

Somo ni Aljebra ya Utangulizi. Kila anayeingia chuo hiki cha afya lazima alifaulu kabla hajagusa kitu kingine: wauguzi, watu wa maabara, watu wa meno, na sisi tunaotaka kupima macho. Alama ya kufaulu ni hamsini. Kuanzia arobaini mpaka arobaini na tisa unafanya mtihani wa marudio, ambao wanafunzi wanauita sapu. Chini ya hapo unaanza upya.

Baba anakata lenzi kwenye duka la miwani. Miaka ishirini na moja anakata kwa vipimo vilivyoandikwa na watu wengine. Ameshawaambia wenzake wote dukani kwamba binti yake ndiye atakayeviandika. Amewaambia hata wateja, watu waliokuja kukazwa skrubu tu.

Jumanne, 5 Machi

Nimesema "Nipo" kwa nguvu. Watu wamegeuka. Bora ya jana.

Alhamisi, 7 Machi

Mwalimu wa aljebra wanamwita Kwanini. Ukijibu vibaya anauliza "Kwa nini?" Ukijibu sawasawa anauliza vilevile "Kwa nini?", kwa sauti ileile, huku chaki ikining'inia mkononi kama sigara. Hakuna anayejua amepata au amekosa mpaka amalize kujieleza. Yule kijana wa nyuma anayetangaza kila kitu, tunayemwita Redio, leo alijibu "x ni nne" kwa mbwembwe, akaulizwa kwa nini mara tatu, mwisho akasema labda ni tano.

Nina siri, na afadhali niiandike mapema. Mimi sijui kutatua mlinganyo. Majibu nayapata, lakini kwa kujaribu. Naweka moja mahali pa x, napima. Naweka mbili, napima. Mpaka pande mbili zilingane. Nimekuwa mwepesi sana, hakuna aliyewahi kugundua. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza, na aljebra ilianza mwaka uleule tulipobadilishiwa lugha. Wenzangu walipokuwa wakijifunza hatua, mimi nilikuwa bado najifunza maneno ya kuzielezea hatua. Nikaruka. Sasa niko chuoni na lile shimo bado lipo nyuma yangu.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Paa la darasa letu ni bati tupu, na ikinyesha kwa nguvu Kwanini hasikiki, basi anaandika ubaoni tu na sisi tunanakili. Saa mbili nzima hakuna aliyeulizwa kwa nini. Nilikuwa na furaha hadi nikaona aibu.

Jumatano, 13 Machi

Nimepata jirani wa dawati. Ni mama wa makamo, mhudumu wa wodi katika hospitali ya ng'ambo ya barabara. Anatoka zamu ya usiku anakuja moja kwa moja darasani, sare imekunjwa ndani ya mfuko, mikono inanukia dawa ya kusafishia sakafu. Ana watoto pacha, kwa hiyo darasa zima linamwita Mama Mapacha. Nilimwamkia, akaitikia, akaniambia nisogee nisije nikapigwa kiwiko, maana yeye akiandika anaandika kwa mwili mzima.

Ni kweli.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Alhamdulillahi.

Jumatatu, 18 Machi

Mama Mapacha anataka kuwa muuguzi. Ameniambia amelifanya somo hili mara mbili na kuanguka mara mbili, na chuo hakimruhusu mtu kulifanya mara ya nne. Alisema hivyo huku akipekua begi kutafuta kifutio, kama mtu anayetaja namba yake ya viatu. Miaka kumi na mitatu anabadilisha mashuka na kubeba mabeseni. Anajua kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza kuliko baadhi ya wauguzi, na wauguzi wenyewe humwita wakishindwa. "Lakini sindano siruhusiwi kuigusa," akasema, "kwa sababu sijui x iko wapi."

Nilicheka. Halafu nikaogopa, kwa sababu na mimi sijui.

Jumatatu, 25 Machi

Jua kali. Nilijua itakuwa leo.

Kwanini akaniita ubaoni. Swali lilikuwa 5x − 3 = 2x + 9. Kabla sijafika mbele nilishajua ni nne. Nikaandika x = 4. Akauliza kwa nini. Nikaangalia chaki. Akauliza tena, polepole, kwa Kiingereza. Kisha akauliza kwa Kiswahili, nadhani kwa huruma, na hapo ndipo ulimi ulipokufa ganzi kabisa, kwa sababu sasa sikuwa hata na kisingizio cha lugha. Nilisimama pale mpaka akasema kaa.

Mama Mapacha akanisukumia chupa yake ya maji.

Bibi jioni aliniuliza kwa nini sili. (Hata yeye sasa.) Nikamwambia chuo kigumu. Akasema, "Mke mwenzangu, mimi nilidhani umepata mchumba, kumbe ni hesabu. Basi kula, hesabu haitakuacha kwa kunenepa."

Jumanne, 2 Aprili

Mtihani wa kati ni Ijumaa. Una alama arobaini. Wa mwisho sitini.

Jumatano, 3 Aprili

Sijalala vizuri. Baba amenisafishia miwani yangu bila kuombwa.

Ijumaa, 5 Aprili

Tumefanya mtihani. Sitaki kuandika.

Jumapili, 7 Aprili

Nimeshinda siku mbili nikijiambia nisipoandika haikutokea. Nimekuwa nikimsaidia Bibi kukunja nguo na kila nguo naikunja mara mbili.

Swali la saba. Madumu mawili kwa jumla yanabeba lita ishirini na tano. Kubwa linazidi dogo kwa lita kumi. Dogo linabeba lita ngapi? Nikaanza kujaribu kwa penseli, pembeni. Saba: saba na kumi na saba, ishirini na nne. Haitoshi. Nane: nane na kumi na nane, ishirini na sita. Imezidi. Nikarudia. Ilikuwa ileile. Kati ya saba na nane sikuona kitu. Sasa hivi, nikiwa nimekaa hapa kitandani, naona kabisa, hata mtoto angeona. Lakini pale ndani nilihisi sakafu imeondoka. Nikadhani sijaelewa Kiingereza cha swali. Nikadhani "linazidi" ina maana nyingine ambayo kila mtu anaijua isipokuwa mimi.

Nikageuza macho. Mama Mapacha huandika herufi kubwa kama za kibao cha dukani. x = 8.

Nilishapima nane, nikajua inatoa ishirini na sita. Nikafuta vipimo vyangu, nikaandika nane. Nilimwamini yeye, aliyeanguka mara mbili, kuliko hesabu iliyotoka mkononi mwangu.

Alhamisi, 11 Aprili

Mvua siku nzima.

Jumatatu, 15 Aprili

Karatasi bado hazijarudi. Redio anasema Kwanini husahihisha kwa darubini.

Alhamisi, 18 Aprili

Karatasi zimerudi. Watu wote wamepata zao isipokuwa mimi na Mama Mapacha. Tukaambiwa tubaki.

Tulibaki. Kwanini alisubiri mpaka mlango ufungwe, akaziweka karatasi mbili mezani, moja kando ya nyingine. Alisema darasa zima, watu sitini na wawili, limeandika saba na nusu, au limeacha wazi, au limeandika upuuzi wa kila aina. Walioandika nane ni wawili, na wamekaa dawati moja. Akagonga karatasi ya Mama Mapacha kwa kidole. Yeye alikuwa na hatua: 2x + 10 = 25, chini yake 2x = 15, na chini yake x = 8. Kwanini akasema mtu aliyefika kwenye 2x = 15 hawezi kuangukia nane kwa miguu yake mwenyewe. Nane hiyo imetoka mahali pengine, ikabandikwa. Alisema hivyo akimtazama yeye. Mimi hakunitazama sana. Mimi maswali mengine yote nilikuwa nimepata.

"Nani alimwangalizia mwenzake?" akauliza.

Nilitaka kusema. Naapa nilitaka. Nilihesabu mpaka tatu, nikahesabu tena. Mama Mapacha ndiye aliyesema, na alichosema nitakikumbuka mpaka uzeeni. Alisema, "Mimi sikuangalizia, mwalimu. Na huyu mtoto usimsumbue, huyu hata kuomba kalamu anaona haya. Hawezi."

Kwanini akasema tuna mpaka Jumatatu saa sita. Mmoja wetu asiposema, mtihani mzima ni sifuri kwa wote wawili.

Sifuri kwake ni mwisho. Kupata hamsini kati ya sitini hajawahi hata kuota.

Ijumaa, 19 Aprili

Leo hatukuwa na somo, lakini nilimkuta kwenye benchi la nje ya hospitali, yuko mapumzikoni, anakula kwa haraka bila kuangalia chakula. Nilikwenda nikiwa nimejipanga kumwambia. Nikamwamkia, nikakaa, nikauliza badala yake alipataje nane.

Alidhani namchunguza. Kisha akaona uso wangu, akaeleza. Alisema alipata saba na nusu, sawasawa kabisa, kichwani. Lakini wodini dawa ya kusafishia huombwa kwa fomu, na mtunza stoo hatoi nusu. Ukiandika saba na nusu anakurudishia fomu, wodi inashinda bila dawa, sista anakufokea wewe. Kwa hiyo ukipata nusu unapandisha. Miaka kumi na mitatu. Aliona neno lita, aliona neno dumu, mkono ukapandisha wenyewe.

"Mpaka nilipokuwa nyumbani naosha vyombo," akasema, "ndiyo nikakumbuka kwamba kwenye mtihani hakuna mtunza stoo."

Akacheka, akakung'uta mapaja yake. Nikamwuliza kwa nini hakumweleza hivyo mwalimu. Akasema, mwalimu alimwuliza nani alimwangalizia nani, hakumwuliza kitu kingine. Na hata angemweleza, mhudumu wa wodi akianza hadithi ya fomu za stoo, nani atasikiliza?

Mimi nilisikiliza. Nikaaga. Sikumwambia.

Jumamosi, 20 Aprili

Kama ningeugua mpaka Jumanne.

Jumapili, 21 Aprili

Mvua kubwa. Barabara ya mbele imejaa maji. Nilisimama dirishani nikitamani yapande, yafunge barabara, chuo kifungwe. Halafu nikakumbuka kwamba chuo kikifungwa Jumatatu saa sita itafika vilevile. Baba alipita nyuma yangu akaniambia natazama mvua kama mtu anayemsubiri mgeni. Nikamwambia hapana.

Ameanza kuniletea fomu za vipimo vya macho zilizoharibika, nizoee kuzisoma. Ziko kumi na moja juu ya meza yangu.

Jumatatu, 22 Aprili

Nitaandika yote, kwa mpangilio, hatua kwa hatua.

Saa nne nilifika kwenye mlango wa ofisi ya Kwanini. Nikasikia anakohoa ndani, nikaondoka. Saa nne na nusu nikarudi, nikainua mkono kubisha, akapita Redio akaniuliza kama nami nimekuja kulilia alama. Nikasema nimepotea. Nikaondoka tena. Nikaenda chooni nikajiosha uso, nikajisemea sentensi nzima mbele ya kioo, kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza ili niwe nazo mbili, moja ikikwama nitoe nyingine.

Saa tano na robo nikabisha.

Ofisi yake ni ndogo, imejaa karatasi mpaka kwenye kiti cha wageni. Hakuzitoa, nikasimama. Nikamwambia, "Mwalimu, mimi ndiye niliyeangalizia." Ilitoka kwa Kiswahili, na kwa sauti kubwa kuliko nilivyopanga, kama siku ile ya "Nipo".

Aliweka kalamu chini.

"Kwa nini?"

Nilijua atauliza. Nikamwambia yote: shimo la tangu sekondari, kujaribu namba, saba na nane, sakafu kuondoka. Nikamwomba atazame pembeni mwa karatasi yangu. Akaitoa kwenye droo, akaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Penseli ilikuwa imefutwa lakini alama zilikuwepo: 24, na 26. Akaziangalia kwa muda mrefu. Nikamwambia, nilishajua nane si jibu nilipoiandika. Anayejua si jibu na bado anaiandika, ameitoa kwa mwingine.

Akauliza, kwa hiyo yule mama aliitoa wapi? Nikamweleza habari ya fomu na mtunza stoo na nusu inayopandishwa. Uso wake ukabadilika, sijui niuelezeje, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Akasema alimdhania yeye. Alikuwa na hakika.

Na hapo nikasema jambo lingine. Sikulipanga kwenye kioo. Nilisema, "Mwalimu, sisi wote unatuuliza kwa nini. Yeye hukumwuliza."

Nilidhani atanifukuza. Akazitoa zile karatasi kwenye kiti, akaziweka sakafuni, akasema kaa.

Nilikaa. Akaniambia Mama Mapacha atapewa alama zake zote, na swali la saba atapewa za hatua. Mimi nitapata sifuri, arobaini yote. Hatanipeleka kwa mkuu wa chuo. Lakini sifuri haitabadilika, nisije kumwomba wala nisimlete mzazi. Nikasema sawa. Akasema kwa mtihani wa mwisho niandike kila hatua, na kando ya kila hatua niandike kwa nini, kwa lugha yoyote ninayotaka.

Jumanne, 23 Aprili

Nimemwambia Baba. Alikuwa anafuta kifaa chake cha kupimia unene wa lenzi. Nilisema haraka, yote kwa pumzi moja, nikimalizia na sifuri. Aliendelea kufuta. Nikasubiri aseme atawaambia nini watu wa dukani.

"Huyo mama," akasema, "umemwomba radhi?"

Nikasema bado.

"Sasa kwangu umefuata nini?"

Jumatano, 24 Aprili

Nimemwomba radhi Mama Mapacha kabla ya somo. Nilidhani atasema yameisha, mwanangu, kwa sababu yeye ni mtu wa kusema hivyo. Aliniangalia tu. Akasema alimwambia mwalimu mbele yangu kwamba mimi siwezi, na mimi nikamwacha aseme, kisha nikaenda nikakaa naye benchini nikamsikiliza akicheka, bado nimenyamaza. "Kuangalizia si kitu," akasema. "Hata mimi shuleni niliangalizia. Ni zile siku nne."

Akachukua begi lake akahamia dawati la mbele.

Alhamisi, 25 Aprili

Dawati ni kubwa kwa mtu mmoja.

Jumatatu, 29 Aprili

Mvua, na kwa mara ya kwanza nilikasirika nayo. Nilikuwa na swali.

Ijumaa, 3 Mei

Hatua: toa mbili x pande zote mbili. Kwa nini: kwa sababu pande mbili ni sawa, na ukipunguza kitu kilekile kwenye vitu vilivyo sawa, vinabaki sawa. Nimeandika sentensi hii mara nane. Kumbe ndiyo hiyo tu. Miaka mitano nimeikimbia sentensi moja.

Alhamisi, 9 Mei

Nimekwenda ofisini kwa Kwanini mara ya tatu wiki hii. Bado naogopa mlango. Yeye mwenyewe simwogopi sana. Anakoroga chai kwa kalamu.

Jumanne, 14 Mei

Mama Mapacha ameitwa ubaoni. Alikosea, akaulizwa kwa nini, akaeleza, na wakati anaeleza akaliona kosa lake mwenyewe, akalifuta kwa kiganja. Darasa likapiga makofi. Nami nikapiga. Hakutazama upande wangu.

Jumapili, 19 Mei

Nahitaji hamsini kati ya sitini ili nifaulu. Nimepiga hesabu kila namna. Haipungui.

Ijumaa, 24 Mei

Mtihani wa mwisho. Maswali kumi na mawili. Niliandika kila hatua na kila kwa nini, na muda ukaniishia kwenye la kumi. La kumi na moja na la kumi na mbili ningeweza kuyajaribu kwa njia yangu ya zamani, ndani ya dakika moja ningekuwa na majibu. Niliyaacha wazi.

Sijui kama huo ni ujasiri au ujinga. Bibi anasema havipishani sana.

Jumatatu, 3 Juni

Baba bado ananiletea zile fomu. Hakuuliza kitu.

Jumatatu, 10 Juni

Matokeo yamebandikwa kwenye ubao wa ukumbini. Nilifika saa moja asubuhi ili nisikute mtu, nikakuta watu thelathini. Majina hayaandikwi, ni namba zetu za usajili tu. Nikashuka na kidole mpaka kwangu. Arobaini na sita. Sapu.

Nilisimama pale nikisukumwa huku na huku. Nilitaka kusikia uchungu mkubwa na ulikuwepo, lakini ulikuwa mdogo kuliko ule wa zile siku nne. Kisha nikaitafuta namba yake. Naijua, nilikaa kando yake wiki sita. Hamsini na tatu.

Nilipogeuka alikuwa nyuma yangu, katika sare, ametoroka zamuni, anahema. Hakuwa amevaa miwani ya kusomea, akawa anakunja macho. Hatujazungumza tangu Aprili. Nikamwambia hamsini na tatu. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akanishika bega, nadhani ili asianguke tu, akakaa hivyo kwa muda, watu wanatupita.

Kisha akauliza mimi nimepata ngapi. Nikamwambia.

"Sapu lini?"

"Tarehe nane Julai."

Akafuta uso kwa ukosi wa sare yake. Akahesabu kitu kwenye vidole. Akasema kuanzia wiki ijayo anaingia zamu ya asubuhi, saa tisa anakuwa huru, kuna chumba cha mashuka ambacho alasiri hakiingiwi na mtu, na kina meza. Nilete karatasi. Yeye atauliza kwa nini na mimi nitajibu mpaka achoke.

Nikasema nitakuja. Nikasema asante, na nikataka kusema mengine, lakini alishaanza kuondoka, anakimbia kwa zile ndala zake za plastiki. Mlangoni akageuka.

"Ila utakaa mbele yangu," akasema. "Siyo pembeni."